Namna ya Kununua Simu Mpya na Bado Ukaufikia Mwisho wa Mwezi

Tarehe 3 Aprili 1973 mhandisi wa Motorola, Martin Cooper, alisimama kando ya barabara jijini New York ameshika dude lenye uzito wa zaidi ya kilo moja, akabonyeza namba ya Joel Engel wa Bell Labs, waliokuwa wakishindana nao kutengeneza simu ya mkononi. Engel alipopokea, Cooper akamjulisha kwamba anampigia kwa simu ya mkononi, naye yuko barabarani. Hakuwa na shida nyingine. Simu ya kwanza ya aina hiyo duniani ilipigwa ili mtu amringie mwenzake, na mwongozo wa kununua simu usiokiri hilo mapema haumsaidii mnunuzi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni hii: chukua karatasi, andika kiasi cha fedha unachotaka kutumia kuringa. Nasema kwa dhati kabisa. Kuringa ni haja ya watu, kama shati la sikukuu, na haja isiyotengewa fungu lake huiba kwenye fungu la kodi ya nyumba. Ukiandika laki mbili, ziwe laki mbili. Chini yake andika fedha ya kazi, yaani bei ya simu itakayopiga, itakayopokea, itakayotuma na kutoa pesa, itakayokaa na chaji mpaka jioni. Mara nyingi ukimaliza hesabu utakuta simu ya kazi inayokufaa ni ya laki mbili na nusu, na ile ya milioni moja na nusu uliyokuwa ukiiangalia usiku ina milioni moja na robo ya kuringa ndani yake. Ukizimudu, ringa. Usipozimudu, angalau sasa unajua unachokipigania.

Hatua ya pili inatumia karatasi hiyohiyo. Igeuze, uandike majina ya watu unaowasiliana nao kweli: mama, mwenza wako, mwalimu wa darasa la mtoto, wateja wa vitenge, bodaboda wa mtaani, mweka hazina wa kikoba. Mbele ya kila jina andika anatumia simu gani. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapojisahau, kwa sababu simu ni chombo cha watu wawili. Ukinunua kamera ya kukuonyesha uso kwa ung'avu wa sinema, na mama ana kitochi cha vibonye, atakachokipata yeye ni sauti ileile ya jana. Upande mwingine, kama wateja wako karibu wote wanaagiza kwa WhatsApp na wewe bado unabonyeza kitochi, simu janja kwako ni jembe. Umechelewa, nenda kesho asubuhi. Sina ugomvi na simu mpya. Ninagombana na simu mpya isiyo na mtu upande wa pili.

Halafu mpe kitochi heshima yake. Wenzetu wa Kenya hukiita mulika mwizi, na jina hilo linaeleza nusu nzima ya kazi yake. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 bila kamera wala intaneti. Ilikuwa na tochi, vibonye visivyopitisha vumbi, na ubavu wa kukwaruza kidogo ili isiteleze kwenye kiganja chenye jasho. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Walioibuni waliwafikiria watu wa sehemu zenye joto, vumbi na giza, wakaweka kile ambacho watu hao wangekitumia usiku huohuo. Miaka minne baadaye, Machi 2007, Safaricom ikaanzisha M-Pesa nchini Kenya, na mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Labda ulibadilisha laini. Simu ilibaki ileile. Mpaka leo *150*00# ya M-Pesa inafunguka kwenye simu ya elfu thelathini sawasawa na inavyofunguka kwenye ya milioni tatu, na pesa ikifika kijijini hakuna anayeuliza imetumwa na simu gani. Jambo kubwa kuliko yote yaliyotokea kwenye mawasiliano yetu halikumtaka mtu anunue kifaa.

Ndiyo maana kila kifaa kipya ninakipima kwa swali moja, na ninakuomba ulibebe uendapo sokoni: kitaniwezesha kumfikia nani, ambaye jana sikumfikia?

Sasa nenda kwa fundi. Ndiyo, kabla ya dukani. Kwa desturi twaenda kwa fundi tukiwa na machozi, wakati maarifa yake yangetufaa zaidi tukiwa bado na hela. Simama mbele ya meza yake uitazame. Kuna taa ya kuinamisha, kikuza, mswaki uliochakaa wa kusugulia bodi, kichupa cha spiriti, skrubu ndogo kuliko punje ya mchele zimetulia kwenye kipande cha sumaku, na nyuma yake boksi za vioo, kila boksi na maandishi ya kalamu ya wino mzito. Zisome hizo boksi. Simu ambayo fundi ana vioo vyake vingi ni simu ambayo majirani zako wanayo, wanaiangusha, na wanaitengeneza. Muulize: "Fundi, kioo cha hii kiasi gani? Mfumo wa chaji je? Betri inatoka kirahisi au mpaka uipashe moto?" Akikujibu, "Hiyo mpaka niagize," andika hilo kwenye karatasi yako kama sehemu ya bei, pamoja na wiki mbili za kutopatikana. Kuna simu ambazo kioo chake halisi kinakaribia nusu ya bei ya simu nzima. Mwenye duka hawezi kukumbuka kukwambia. Fundi hawezi kusahau.

Swali hilo la kioo lina uzito mkubwa zaidi kwa simu za kukunja. Samsung ilipoleta Galaxy Fold mwaka 2019, kwa dola 1,980, ambazo kwa viwango vya wakati ule zilikuwa kama shilingi milioni nne na nusu za Tanzania, baadhi ya waandishi waliopewa waijaribu waliubandua utando wa juu wakidhani ni protekta ya dukani. Utando ule ulikuwa sehemu ya kioo chenyewe. Vioo vikaharibika, uzinduzi ukasogezwa kutoka Aprili hadi Septemba. Simu za kukunja zimeimarika sana tangu hapo, na uhandisi wake unastahili kuvuliwa kofia. Hata hivyo, wacha kwanza ikunjwe na kukunjuliwa na matajiri kwa miaka michache. Wanaifanya kazi hiyo bure.

Siku ya kwenda Kariakoo, kula kwanza. Kula ushibe. Mwenye njaa hukubali haraka ili akaketi. Ukifika mitaa ya Aggrey, kabla hujavuka barabara utakuwa umeshapata rafiki: "Bosi wangu, karibu, unataka simu gani? Zote zipo, twende." Huyo ni winga. Hana duka; anaishi kwa kile kinachoongezwa juu ya bei ya mwenye duka. Ni kazi halali ya kijana anayetafuta riziki, na winga mzuri anayajua maduka yenye mali halisi kuliko wewe. Kwa hiyo msalimie vizuri, kisha mtajie jina kamili la simu uliyoichagua kwa fundi, ukubwa wake wa kuhifadhi na bei uliyoiandika. Ukimwambia unataka "simu nzuri," umempa hundi iliyosainiwa isiyojazwa kiasi. Kwa ndugu zetu wa Nairobi, mambo ya Luthuli Avenue hayana tofauti kubwa. Shibe inafanya kazi kotekote.

Boksi utakaloletewa lina maandishi makubwa kwa mbele na madogo kwa nyuma. Soma ya nyuma. Mbele litasema RAM ni GB 16. Nyuma, kwa herufi za kusomea miwani, litaeleza kuwa ni 8 + 8, au hata 4 + 12. Ile namba ya kwanza ndiyo RAM yenyewe. Ya pili imeazimwa kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhia picha zako, nayo ina mwendo wa pole kuliko RAM halisi. Ukiilipia kama RAM umelipia kitu ambacho tayari kilikuwa chako. Kamera nayo itatajwa kwa megapikseli. Kamera ya megapikseli 50 kwa kawaida huunganisha nukta nne kuwa moja, ikakupa picha ya kama 12.5, na hilo ni jambo jema, maana picha ya jioni hutoka safi zaidi. Kisha unaituma kwa WhatsApp, nayo inaibana, isipokuwa umechagua HD, chaguo lililokuja mwaka 2023. Yale macho mawili ya ziada mgongoni, ambayo boksi linasema ni ya megapikseli 2, mara nyingi yako pale kwa ajili ya kuhesabiwa. Kipimo cha kamera ni kimoja: mpige picha mtu mwenye rangi kama yako, ndani ya duka, mbali na taa, halafu mtazame usoni. Akitoka jivu, irudishe. Tecno na ndugu zake, Infinix na Itel, wote wa kampuni ya Transsion ya Shenzhen, walipata soko kubwa barani kwetu kwa kulishughulikia jambo hili ambalo wengine walilipuuza, pamoja na kutupa nafasi za laini mbili na zaidi. Huo ni ubunifu wenye mtu upande wa pili.

Kuhusu 5G nitakuwa mfupi. Vodacom iliizindua Tanzania Septemba 2022, Safaricom ikafanya hivyo Kenya mwezi uliofuata. Ina kasi ya kweli, ila masafa yake mengi husafiri umbali mfupi na hupungua nguvu kwenye kuta. Kama unapolala simu hushika mtandao ukisimama dirishani tu, fedha ya 5G ipeleke kwenye simu yenye betri kubwa.

Sasa omba utoke nayo nje. Hapa wauzaji hukunja uso, na wewe usikunje wako. Mwache mtu wako dukani au acha kitambulisho, toka mpaka juani, saa sita mchana, uitazame. Taa za dukani humpendezesha kila bwana harusi. Utaishi na simu hiyo kwenye jua la kituo cha daladala, na kama huwezi kusoma ujumbe wa M-Pesa pale, utakuwa unatumiwa pesa usizoziona. Weka laini yako mwenyewe, piga simu, ongea. Muulize wa upande wa pili anakusikiaje, usikubali jibu la "nakusikia," dai jibu la "nakusikia vizuri." Jirekodi sauti. Chomeka chaja, ichezeshe kidogo uone kama inashika. Mwisho bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, uilinganishe na ya kwenye boksi, kisha kwa Tanzania itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ujibiwe ni simu ya aina gani. Jibu likitaja simu nyingine, rudisha upesi. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, ikafanya hivyo usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 2016. Watu walilala na simu wakaamka na vioo vya kujitazamia. Dai risiti ya EFD pia, hata kama mwenye duka anakuahidi kukupunguzia ukikubali kuondoka bila risiti. Simu ikifa wiki ya pili, ile elfu kumi uliyopunguziwa haitakutambulisha kwa mtu yeyote.

Wapo wanaopenda zilizotumika, zile zinazokuja kwa boksi kutoka Deira, Dubai, na hapo ushauri wangu unakuwa mkali kidogo. Used nzuri ni bidhaa bora kuliko mpya mbovu, nami ninaitetea popote. Lakini kama ni iPhone, fungua sehemu ya betri uone afya yake. Ikiwa imeshuka chini ya asilimia 80, bei ya betri mpya itoke kwenye bei ya simu. Hakikisha akaunti ya mwenye simu wa kwanza imeondolewa mbele ya macho yako, sio "itatolewa kesho." Kama ni Android, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, utafute tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Simu iliyopata sasisho la mwisho miaka minne iliyopita usiiwekee programu ya benki. Kampuni kubwa zimeanza kuwa waungwana katika hili: Google kwa Pixel 8 ya mwaka 2023 na Samsung kwa Galaxy S24 ya 2024 ziliahidi miaka saba ya masasisho. Ahadi hiyo kwangu ina thamani kuliko jicho la nne la kamera, kwa sababu inakuondolea safari ya Kariakoo kwa miaka kadhaa.

Baada ya simu vinakuja vifaa vyake, na hapa ndipo mishahara inapotoboka.

Pawabenki ninaipenda. Kwenye mji unaokatika umeme ni chombo cha mawasiliano kuliko simu yenyewe. Lakini namba zilizoandikwa ubavuni mwake zisadiki baada ya kupima, na kipimo unacho sokoni: muuza dagaa. Mwombe mizani. Pawabenki ya kweli ya mAh 20,000 imejaa betri, na betri zina uzito. Kwa kawaida hupita gramu 300. Ile ya shilingi elfu kumi na nane iliyoandikwa 50,000, nyepesi kiasi cha kuisahau mfukoni, haiwezi kuwa na kitu hicho ndani. Fanya hesabu: mAh 50,000 kwa volti 3.7 ni Wh 185. Mashirika ya ndege huruhusu hadi Wh 100 bila kuomba ruhusa, na zaidi ya 160 hawakubali kabisa. Ingekuwa ya kweli usingepanda nayo ndege, na kwa uzito wake ungeikumbuka kila hatua. Hata ile halisi ya 20,000 itaijaza simu yenye betri ya 5,000 kama mara tatu, wala si nne, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea njiani ikigeuzwa kuwa joto. Muuzaji akikwambia mara kumi, mrudishie na tabasamu.

Vispika vya masikioni visivyo na waya: vizuri, vinapotea, nunua vya bei ya kitu kinachopotea. Kwenye bodaboda vitoe, uwe abiria au dereva.

Kwenye saa janja siwezi kutania sana. Saa ya kuhesabu hatua, kukuonyesha ujumbe na kukuamsha ina faida kwa anayeipenda. Lakini zinauzwa saa za elfu thelathini na arobaini ambazo muuzaji anamfunga mzee mkononi, taa ya kijani inamulika chini yake, na baada ya sekunde chache anasomewa presha na sukari. Mzee anafurahi, maana hakutobolewa kidole. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haikuwa imeidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Yule mzee anaweza kula, kuacha kula au kuchoma insulini kwa kufuata namba ambayo saa imeibuni. Ukimkuta mzazi wako na saa hiyo, msifie ilivyompendeza, mwambie aitumie kutazama saa, na kesho umnunulie glukomita na vijiti vyake. Shikamoo iambatane na glukomita. Anayewauzia wazee uongo huu ananiudhi kuliko yeyote niliyemtaja humu.

Halafu vinakuja vile vifaa vinavyotangazwa kwamba vitaiondoa simu yenyewe. Aprili 2024 kampuni ya Humane ya Marekani, iliyoanzishwa na watu waliotoka Apple, ilianza kuuza bruchi ya kubandika kifuani. Unaongea nayo, inakujibu, na inakuandikia maneno kwa mwanga kwenye kiganja cha mkono. Dola 699, na dola 24 kila mwezi. Wengi waliojaribu walisema inachelewa kujibu, inapata joto, na maandishi ya kiganjani hayasomeki juani. Februari 2025 HP ilinunua mali za kampuni hiyo kwa dola milioni 116, na tarehe 28 ya mwezi huohuo bruchi zikakatwa kwenye seva zake. Haikupita hata mwaka. Aliyenunua alibaki na pambo la kifuani lisilo na pini nzuri. Hivyo kifaa chochote kinachotaka seva ya mtu ndipo kiamke asubuhi, kiulize maswali ya kuposa: kwao ni wapi, wanaishije, wakifilisika mimi nitakuwa mgeni wa nani?

Jamaa wa bruchi hiyo huku kwetu ni simu ya mkopo. Nayo ina kufuli mbali, kwa mtu mwingine. Sitaikebehi, maana imewafungulia mlango watu ambao laki tatu za mkupuo hawazishiki kamwe, na dereva wa bodaboda anayepata abiria kwa programu anaweza kuilipa kwa kazi yake mwenyewe. Ila fanya hesabu kwa mdomo, mbele ya wakala, kwa sauti. Tuseme simu dukani ni 300,000. Kwa mkopo, kianzio ni 60,000 na kila siku 1,300 kwa mwaka. Hiyo 1,300 inaonekana ni bei ya soda. Zidisha kwa siku 365 upate 474,500, ongeza kianzio, ufike 534,500. Umenunua simu moja na karibu nyingine ya pili, hiyo ya pili huioni. Kama simu itakuingizia zaidi ya hiyo tofauti, saini. Uliza pia ikifungwa kwa kuchelewa siku moja inafunguliwa baada ya muda gani, na je, ukiwa umefungiwa unaweza kupokea simu ya hospitali? Jibu liandikwe kwenye mkataba. Kama haina kazi ya kukuingizia kitu, weka 1,300 hiyohiyo kwenye kibubu. Kwa siku 231 utakuwa na 300,300, unaingia Kariakoo umeshiba, hudaiwi na mtu.

Lililobaki ndilo linalonigusa zaidi: kumnunulia mama simu. Kila Desemba mabasi ya mikoani hubeba simu janja nyingi sana zinazoenda kwa wazazi, na Februari nyingi ziko kabatini zimefungwa kwa leso. Mtoto alinunua simu, hakununua mawasiliano. Kabla hujampelekea, uliza anachaji wapi na kwa shilingi ngapi, kwa sababu betri ya simu janja haikai wiki kama ya kitochi, na kutembea kila siku mpaka duka la kuchaji ni kazi uliyomwongezea. Uliza nani atamnunulia bando kila mwezi. Kama ni wewe, liandike kwenye ile karatasi. Mpelekee na paneli ndogo ya sola yenye kuchajia simu, ambayo ni kifaa kipya ninachokiunga mkono kwa mikono miwili. Kaa naye, usimpe mjukuu amfundishe kwa haraka. Kuza maandishi. Ondoa kwenye uso wa simu kila kitu asichokitumia, uache kupiga, ujumbe, WhatsApp, tochi. Mfundishe kutuma ujumbe wa sauti, kwa kuwa mama anayeandika kwa shida ataongea dakika nne bila kupumua, utapata habari za mbuzi, za shamba na za jirani katika pumzi moja. Mwambie pia wazi kabisa kwamba ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haukutoka kwako, hata ukiwa na jina lako. Na kitochi chake usikichukue. Laini ya pesa ibaki humo mpaka mwenyewe atakapotaka kuihamisha.

Baada ya hapo umebaki na simu yako ya zamani mkononi; imalize vizuri. Hamisha picha na namba. Ondoa akaunti ya Google au ya Apple kwanza, ndipo ufute kila kitu, ili atakayeipokea asije akadaiwa nenosiri lako. Toa laini na kadi ya memori. Wakati huohuo piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukikuta usiyoijua, nenda ukaikane kwa mtoa huduma wake siku hiyohiyo. Betri ikiwa imevimba usiitoboe, usiikandamize irudi, usiitupe kwenye moto wa taka. Mpelekee fundi aitoe. Simu ikiwa nzima, mpe mpwa wako anayeanza kidato cha tano mbali na nyumbani, na umpe pamoja na chaja yake na waya. Mpwa asiye na chaja atakuja kuchaji kwako kila likizo jioni, na atakaa mpaka chakula kiive.